Diwani Anatakiwa Kituoni, Kamba Ninayo Mimi

Mpendwa mshauri, niwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia, barua hii nimeianza mara nyingi na kila nikishika kalamu mtoto anaamka, lakini sasa yamenifika shingoni naomba msaada. Nafuga ng'ombe wa asili, wale wadogo wekundu wenye mstari mweupe mgongoni, majirani walikuwa wanawaita ng'ombe wa mfukoni na kucheka, ila ukame ulipokuja ng'ombe wao wakubwa wa kununua walilala chini na wangu wakasimama, wakala majani makavu, wakazaa bila daktari, kicheko kikaisha wakaanza kuja na vikombe kuomba maziwa. Dume ninaye mmoja, Diwani, tulimwita hivyo kwa vile anatembea kama anakwenda kufungua mkutano. Mama yake alikufa Diwani akiwa bado ndama mchanga, nami nilikuwa na kichanga, basi nikawa namnyonyesha mwanangu huku mkono mwingine umeshika chupa ya Diwani, na mpaka leo nikimwita anakuja mbio. Mitamba aliowazaa wanakua vizuri, wote wana ule mstari. Sasa kituo cha mifugo kinachokusanya ng'ombe wa aina hii wasipotee kimemtuma dada afisa, akamzunguka Diwani akasema, “Mama, tumetafuta kote, dume safi kama huyu hatujaona. Tupe huyu, tukupe wetu wa aina hiyo hiyo.” Nilivimba kichwa kutwa nzima! Lakini kumtoa nilikataa, nikamwambia mbegu hii nimeilinda mimi, haitoki hapa. Baba watoto ananicheka, “Mwenzangu, unalia kama unaozesha binti,” na kumbe ameshamwahidi afisa aje na gari Ijumaa. Je, nifunge geti?

Mama Diwani

JIBU

Mama Diwani, kwanza pokea hongera zangu, na uzipokee umekaa, maana najua kukaa kwenyewe hupati. Wengi waliuza ng'ombe wao wa asili, wewe ulinyonyesha wawili kwa pamoja. Vimba kichwa, ni haki yako.

Sasa nisikilize. Hao mitamba wako, baba yao nani? Karibu wataanza kutaka dume, na dume aliyepo zizini ni baba mzazi! Ukiendelea hivyo utapata ndama dhaifu, wakikua hawashiki mimba, na ng'ombe uliowaokoa na ukame utawamaliza mwenyewe kwa mapenzi. Acha aende akapate majike wasio damu yake, nawe upate dume mgeni. Na wewe baba watoto, soma hapa: mnyama aliyelelewa na mkeo usimwahidi mtu kabla hujamuuliza mkeo mwenyewe.

Geti usifunge, mama, ila kamba usiiachie kwa maneno matupu. Mwambie afisa bado unahitaji uletewe haya: dume wao, afike kwanza, umkague mgongo mwenyewe, cheti cha daktari kwamba hana ugonjwa, karatasi ya makubaliano yenye jina lako wewe mfugaji, na picha ya kila ndama atakayezaliwa na Diwani huko, ipigwe kwa juu, mstari uonekane.