Lenzi Ndefu

Mwenzangu, pokea simu. Basi soma tu ujumbe huu.

Niko duka la kamera. Ile kamera ndogo niliyoitaka, ya kisasa isiyo na kioo ndani, nimeshaipata, imetumika lakini safi. Shida ni lenzi. Uwezo wangu ni lenzi moja tu, fupi ya picha za karibu au ndefu ya kuvuta vilivyo mbali. Muuzaji akaniambia, "Dada, toka nayo mlangoni uijaribu."

Nikafunga ile ndefu. Nikavuta mpaka ng'ambo ya barabara, kwenye kliniki ya saratani. Kwenye benchi la nje nikamwona mama.

Mama yangu. Aliyetuaga asubuhi kwamba anaenda kwa mama mdogo.

Nikampigia huku namtazama kwenye kamera. Akafuta uso kwanza, ndipo akapokea. "Niko kwa mama yako mdogo, mwanangu, tunachambua mchele hapa." Sauti imechangamka kabisa, na bahasha kubwa ya eksirei iko mapajani. Tunachambua mchele. Hivyo hivyo alivyosema.

Sijui kidole kilibonyeza saa ngapi. Muuzaji akachungulia skrini, akafurahi. "Umempata vizuri huyo mama. Mpaka machozi yanaonekana."

Nimemwambia afute ile picha, na kwamba nachukua lenzi fupi.

Sasa nimesimama kando ya barabara na mfuko wa kamera. Bado hajaniona. Niambie, nivuke, au nimwache arudi nyumbani na mchele wake?