Saba ya Zamani, Tano ya Sasa

Yaya Salima, dada yangu mkubwa wa stesheni,

Tangu tukuzike, mji wetu wa Kindu umejaa kompyuta. Zinauzwa sokoni kando ya vitenge, na kila muuzaji anajidai kuzijua. Nakuandikia kwa sababu wiki hii nimetumia elimu yako, wala sikukutaja.

Mjukuu wangu Furaha anasomea ujenzi. Mchoro wake wa daraja la njia ya Kailo ulikuwa unakwamisha kompyuta yake, na siku ya kutetea kazi mbele ya walimu imefika karibu. Tungekosea kuchagua nyingine, asingemaliza. Muuzaji akaweka mbili mezani, moja ya kichakataji cha i5 na moja ya i7, akasukuma mbele ile ya i7.

"Baba, saba inapita tano! Hata mutoto wa shule anajua."

Nikavaa miwani, nikasoma namba yote. Saba ilifuatwa na kistari, kisha 4600. Tano, na 8350. Tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi: cha nne, na cha nane. Saba na tano ni vyeo tu, na vyeo hulinganishwa ndani ya kizazi kimoja.

Ulinifundisha haya wakati wa vita, yaya. Nilikuwa nimefika kwa miguu kutoka Lubutu, sina kazi. Treni haziji, nawe unapangusa kompyuta za ofisi ya stesheni kwa unyoya wa kuku, kana kwamba kesho zitahitajika. Ukaniuliza ipi ina mbio: 386 ya megahezi 40, au 486 ya 33? Nikasema arobaini, bila kufikiri. Ukazipa zote orodha ileile ya mabehewa zipange, ukatazama saa ya mkononi. Ya 33 ikamaliza kwanza. Ukacheka hadi ukashika mbavu.

"Kupiga kafi mara mingi haiko kufika, ndugu. Angalia kila kafi inasukuma mayi kiasi gani."

Nikacheka nami. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nitoke kwetu.

Basi nikamwomba muuzaji afungue mchoro wa Furaha kwenye zote mbili. Kwenye tano daraja likafunguka, likazunguka bila kukwama. Saba bado inahema. Tukanunua tano.

"Muzee iko enjenieri!" wakapiga kelele jamaa waliokuwa pale sokoni. Nami nikatabasamu tu. Nikala sifa yako, yaya.

Furaha atatetea kazi yake Alhamisi. Jamaa wakinisifu tena, nitasimama niseme: kuna mwanamke wa stesheni aliyejua haya wakati sisi wengine tulijua kukimbia tu. Nitataja jina lako, na la baba yako. Hilo nakuahidi.

Lala salama.

Ndugu yako wa Lubutu