Pilau ya Msiba Kwenye Friza

Nalongo,

Salamu sikupi. Salamu anapewa mtu aliyeaga, na wewe hukuniaga.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa langu la nne unalijua, kwa hiyo ukikuta herufi zimepinda usinicheke. Mwanangu Saidi alitaka nimtajie maneno ayaandike kwenye simu yake. Nikamwambia haya ni mazungumzo ya wanawake wazima, toka. Akatoka. Angalau huyo bado ananisikia.

Nina hasira na wewe. Nalisema mapema ili usidhani nimekuja kulia. Tulipeana mkono, mimi na wewe, kwamba atakayetangulia, mwenzake atamkalia msiba siku tatu, chini, kwenye mkeka, watu wale chakula na wasimulie habari zake. Mimi nilikuja kutimiza. Nikakuta mlango umefungwa, na aliyeufunga ni wewe.

Uliniambia ni mgongo. Jumamosi ya kwanza hukuja, mgongo. Ya pili, mgongo. Ya tatu nikakuletea dawa ya kuchua, ukaipokea mlangoni, umejifunga kitambaa kichwani, ukasema, "Mama Saidi, asante, nitapaka." Ulikuwa unanidanganya huku unanitazama machoni. Tumbo lilikuwa limeshakumaliza na madaktari walishakwambia. Ningekuja kila siku. Lakini ndiyo maana hukusema, sivyo? Ulijua ningekuja kila siku.

Ulipokufa Jumanne ile, binti yako Babirye alimpigia Saidi. Mimi sikuuliza maswali. Nilitoa sufuria langu kubwa, lile nililobeba kutoka Korogwe na mkwe wangu akanicheka kwamba nimekuja Ulaya na sufuria, nikapika pilau kilo nne. Saidi akasema, "Mama, subiri kwanza tuwaulize." Tuulize nini? Tangu lini watu wakaulizwa kama wanataka wenzao msibani? Kesho yake asubuhi nikalifunga sufuria kwa kanga mbili, nikalitia kwenye kile kigari cha sokoni ulichonipa, nikapanda treni hapa Akalla, nikabadilisha Västra skogen peke yangu, bila wewe wa kunishika kiwiko, nikaingia ya Hjulsta. Behewa zima lilinuka bizari. Kijana mmoja akageuka mara tatu. Nikamwambia kwa Kiswahili, geuka mbele, si yako.

Ghorofa ya nne nikabonyeza kengele. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikadhani labda wako kanisani, nikatandika mkeka pale pale kwenye ngazi, nikakaa. Sikusikia mtu analia. Sikuona viatu mlangoni. Nilikaa mpaka saa kumi, nikisema moyoni hawa Waganda wa Nalongo wamechelewa kweli.

Akaja Babirye, anatoka kazini. Kazini, Nalongo! Mama yake ana siku moja tu tangu afe, yeye ana begi la kompyuta begani na vidude masikioni. Akanitazama, akaniuliza kwa Kiswidi, halafu akarudia kwa kile Kiswahili mlichomnyima mkampa nusu, "Bibi, ulipanga na mimi saa?" Nikamwambia saa imepangwa na Mungu, fungua mlango.

Ndani safi. Kochi liko palepale, zulia liko palepale. Nikauliza, "Watu wako wapi?" Akaniuliza, "Watu gani?" Kisha akachukua pilau yangu, akaipakua kwenye vile vikopo vya plastiki, akaandika tarehe juu ya kila kimoja, akaviweka kwenye friza. Pilau ya msiba, Nalongo, ikaandikwa tarehe! Mimi nimesimama jikoni kwako natazama.

Ndipo akatoa karatasi. Mimi Kiswidi sisomi, lakini sahihi yako naijua, ile N yako yenye mkia. Akanisomea. Nyumbani pasikaliwe. Ibada iwe fupi. Baada ya ibada kahawa, na wanaotaka kuja wajiandikishe kabla. Nyumba irudishwe mwisho wa mwezi utakaofuata. Nikamwambia umesoma vibaya. Akasoma tena.

Nikakumbuka siku tulipokutana. Nilikuwa nina mwezi mmoja hapa, nimeletwa baada ya kufiwa na baba Saidi, nimekaa ndani kwa ajili ya baridi na wajukuu wanaonijibu Kiswidi kama mimi ni televisheni. Nikaenda kuchukua dawa zangu za presha, nikasimama nyuma ya mtu kama binadamu anavyosimama, na kila aliyeingia akaitwa kabla yangu. Ukanisogelea na kile Kiswahili chako cha kubomoka. "Chukua namba, mama. Hii nchi, kama hakuna namba, wewe hujazaliwa bado." Nikakuuliza jina. Ukasema jina la kanisani lipo lakini ulizaa mapacha, na kwenu aliyezaa mapacha anaitwa Nalongo, na nisipokuita hivyo huitiki. Nikasema huyu ana maringo kama mimi, tutapatana.

Sasa hata msiba wako ukauwekea namba.

Nakulaumu zaidi kwa sababu ya zile Jumamosi. Usingenizoesha. Sheria yako ilikuwa moja: tunapanda treni yoyote mpaka inapoishia, tunashuka, tunatafuta benchi, tunakunywa chai ya chupa, tunasema watu, tunarudi kabla ya alasiri yangu. Kwa macho yangu nimeona kila mwisho wa njia za mji huu. Ziwa limeganda, watu wanatembea juu yake na watoto kwenye vigari, mimi nikakataa kukanyaga, ukanivuta, "Mama Saidi, unaogopa nini? Barafu haiko na meno." Ukanifundisha kutembea kama bata, miguu nje, tumbo mbele. Ukaninunulia miiba ya chuma ya kuvalisha viatu nisiteleze. Na mimi nikakufundisha kwamba chai bila tangawizi ni maji ya kuoshea vyombo. Ukakubali baada ya mwaka mzima, kwa shingo upande.

Halafu siku ile tulipopanda treni kubwa mpaka Upplands Väsby kuchuma yale matunda meusi madogo msituni. Tumeinama, ndoo imefika nusu, mara akatokea mwanamume wa Kiswidi ana kofia ya kijani, anapiga kelele na kutupungia. Hatukuulizana. Tulikimbia, bibi wawili, mimi na goti langu bovu, matunda yanamwagika. Yeye nyuma yetu. Aliponifikia nikasema shahada. Kumbe ameshika mfuniko wa ndoo yetu, tumeuangusha, na anatuonyesha kwa kidole kwamba kule mbele yako mengi zaidi. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye majani yenye maji. Ukasema, "Miaka arobaini niko hapa, bado mguu wangu unakimbia peke yake."

Kisha ukaacha kucheka. Palepale ukanisimulia mama yako. Kwamba alikufa Masaka nawe uko huku huwezi kurudi, ukapata barua miezi miwili amekwisha kuzikwa. Kwamba ulitandika shuka chini jikoni kwako, ukakaa siku tatu. Hakuja mtu, maana hukuwa na mtu. Siku ya nne ukaenda kazini kupika chakula cha watoto wa shule, na hakuna aliyekuuliza macho yamefanya nini.

Nilikupa mkono siku hiyo. Mikono yetu yote miwili myeusi kwa matunda. Nikasema wewe hutakaliwa hivyo. Mimi nitakuja na sufuria langu. Ukasema, "Na mimi kwako, lakini mimi kupika pilau sijui, nitaleta matoke." Nikakwambia matoke watakula Waganda.

Basi wewe ukalala baridini mochwari wiki nne, kama taratibu za hapa, na pilau yangu ikalala baridini jikoni kwako, mkawa mnasubiriana. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa na mimi siwezi kupaka mafuta.

Siku ya kanisani nilikuja. Nilivaa lile gauni la kijani unalolipenda na mtandio mweupe. Ibada haikufika nusu saa. Watu wanapita mmoja mmoja mbele ya jeneza, wanaweka ua, wanarudi kukaa kimya kama wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Ilipofika zamu yangu nililia kwa sauti. Nilikuita. Nilikuuliza umekwenda wapi na funguo zangu, maana Jumamosi zangu ulikuwa nazo wewe. Mama mmoja akanishika bega akanipa karatasi ya kufutia machozi na glasi ya maji. Alidhani ninaumwa.

Kwenye kahawa kila kiti kina kikaratasi cha jina. Nikazunguka meza mara mbili. Sikuwepo. Saidi alikuwa ameniambia nijiandikishe, nikamwambia sijawahi kujiandikisha kulia. Nikasimama dirishani na mkoba wangu. Babirye akainuka, akaniketisha kwenye kiti chake, akachuchumaa hapo chini. Akasema polepole, anatafuta maneno, "Bibi, Mama alisema, atakayekuja kukaa ni wewe tu. Alisema yeye alikaa peke yake siku tatu, anajua. Hataki Mama Saidi akae hivyo."

Nikakirudisha kile kipande cha mkate wenye samaki kwenye sahani.

Kwa hiyo uliwahesabu, Nalongo. Umelala kitandani pale unahesabu watu wako. Wenzako mliokimbia pamoja, nusu wamezikwa, nusu wamehamia kwa watoto wao mbali. Kato wako, pacha wa Babirye, yuko Amerika. Wa kanisani wana zamu zao za kazi. Ukafika kwangu, ukaona nimebaki mmoja, ukanionea huruma na kunionea haya, ukachukua kalamu. Mimi mtu mmoja si watu? Nani alikutuma unihurumie? Nilikuomba? Ungenipigia simu ungesema, Mama Saidi, tutakuwa wachache. Ningekwambia nitapika kilo mbili badala ya nne. Basi, yangeishia hapo.

Karatasi yako nimeivunja. Ulisema pasikaliwe nyumbani. Ngazi si nyumbani.

Nilikwenda Jumamosi tatu, kwa sababu siku tatu mfululizo nilishazikosa. Jumamosi ya kwanza nilitandika mkeka mbele ya mlango wako, nikaweka sufuria langu pembeni, nikamimina chai vikombe viwili kwa mazoea, nikavinywa vyote. Akashuka yule mzee wa ghorofa ya juu mwenye mbwa. Akanisemesha, labda alidhani nimefungiwa nje. Nikauonyesha mlango, nikasema, "Nalongo." Akavua kofia. Akasimama kidogo, mbwa wake ananusa sufuria. Hao ndio wafiwa wako wa siku ya kwanza, mzee mmoja na mbwa. Umefurahi?

Ya pili Babirye alikuwa ndani anafunga vitu vyako kwenye maboksi. Akafungua. "Bibi, hapa chini kuna baridi." Nikamwambia nimevaa suruali mbili. Akaingia ndani, nikasikia mashine ya kupashia inalia, akarudi na vile vikopo vyake viwili vyenye tarehe. Akavua viatu. Akakaa mkekani.

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunakaa."

"Halafu?"

"Tunakaa."

Tukala. Mchele umelegea, friza imeuharibu, lakini nilikula. Nikamsimulia mwenye kofia ya kijani. Akacheka. Nikamwambia ulivyosema mguu wako unakimbia peke yake, akaniuliza, "Unakimbia nini?" Nalongo! Hukumwambia mwanao kwamba ulikimbia askari kule kwenu. Hakujua hata shuka la jikoni, hakujua bibi yake alikufaje. Ulimpa nchi, ukamnyima habari. Nikamwambia zote nilizonazo. Akalia, siyo kule kulia kwao kwa puani, alilia mpaka ngazi zikaitika, mlango mmoja huko juu ukafunguka ukafungwa. Nikamwacha alie. Ndiyo kazi ya mkeka.

Ya tatu nyumba ilikuwa tupu, tukakaa ndani kwenye sakafu. Alikuja Saidi na mkewe. Tukawa wanne. Usijisifu, wanne si msiba. Korogwe wanne ndio wale wa kuchota maji tu. Lakini hukukaliwa na mtu mmoja. Ulikosea hesabu, na nataka ulijue hilo huko uliko.

Nikamwuliza Babirye, mbele ya watu, mimi nitakaliwa na nani sasa, maana wa kwangu ametangulia. Akasema, "Mimi nitakuja, Bibi." Akatoa simu afungue kalenda. Akaiangalia, akaniangalia, akairudisha mfukoni.

Jumatatu alirudisha funguo. Mlango ule si wetu tena.

Sijakusamehe. Labda nitakusamehe majira ya matunda, sijui, usinisukume. Ila mama yako hajanikosea kitu. Zile siku tatu za jikoni, alizokaliwa na wewe peke yako, zinaniuma kuliko zako. Jumamosi ijayo naanza kumkalia yeye, kwenye benchi letu la Hjulsta pale treni inapoishia, na Babirye amesema atabeba chai. Tangawizi nitatia mimi.

Mwambie mama yako nimechelewa. Mwambie naja.

Lala, Nalongo.

Mimi,
Mama Saidi