Simba Mwekundu Shingoni

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai mgongo umepata nafuu. Mimi mzima, ila sauti imenikauka. Jana nilipanda juu ya kreti mbele ya duka kubwa la nguo, nikauliza umma: kwa nini kufuli imara tunaiita ya nje, betri inayodumu ya nje, hata daktari mwenye adabu "kama wa nje", ilhali kibovu ndicho pekee tunachokubali kuwa chetu? Kisha kila mwanafunzi mwenzangu akaleta shati lake la nje, lile lenye simba mwekundu shingoni, tukayachoma. Nilikukumbuka wewe, fundi unayekosa soko kwa ajili ya matambara yale.

Bintiyo.

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Huyo simba namshona mimi. Mashati hayo ni yangu. Bila nembo, wenye maduka hawayagusi. Hata wewe, darasa la tatu, uligoma kuvaa gauni langu mpaka nilipolitia nembo, ukaenda kuwaringia wenzako. Ada yako inatoka kwa simba huyo. Nakuomba jambo moja tu: usimwambie mtu.

Mama yako.

16 Machi

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Mimi sili, silali. Ombi lako, kwa heshima zote, nimelikataa. Ningenyamazaje, ilhali uongo huo ndio unaokufukia ungali hai? Nimepanda kreti tena, nikainua shati lililonusurika, nikatamka kwamba limeshonwa na mama yangu mzazi. Walipiga makofi hadi vioo vya duka vikatetemeka. Sasa watanunua kwa fahari. Nijibu upesi.

Bintiyo.

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kimya chako kinanitafuna. Nitukane, nilaani, lakini niandikie.

Bintiyo.

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nipo. Mashati yamerudishwa na maduka yote. Mwenye duka mmoja aliyekuwa akiapa kwamba hayachakai hata yafuliwe kwa jiwe, sasa anasema yanafumuka mabegani. Cherehani nimeiuza. Muhula huu utamaliza, ujao sijui. Kula, usijikondeshe.

Ila nisaidie, wewe uliyesoma. Hao waliokupigia makofi, walikuwa wamevaa nini?

Mama yako.