Baridi ya Kitale Haina Hatia

Mama yangu uliyelala Kabuchai,

Huku Kitale baridi bado ni ile ile uliyoitukana asubuhi na jioni. Nakuandikia kwa sababu kesi yako dhidi yake imefunguliwa upya, na nahofia umeshindwa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiinuka kitini? Magoti yalilia kama bisi kikaangoni, kisha ukamgeukia Baba: "Balidi ya Kitare hii, Baba Nekesa! Kwetu nilikuwa naluka mitaro." Baba alichemsha maji, akavuta kigoda, akakukanda kwa taulo, nawe ukimwelekeza kama fundi asiyeaminika: "Juu kidogo. Si hapo, bana. Ati hapo ndipo goti?" Daktari alikuwa amesema baridi yabisi. Wewe ukashika neno la kwanza tu, likakutosha kumshtaki mtu.

Siku tuliyokuzika, Baba aliniambia kando ya miwa, "Ningemwacha huku kwao kwenye joto, angeingia kaburini na magoti mazima." Tangu hapo huyarudia maneno hayo, nayo yanamla. Ninakaa naye, najua.

Sasa goti langu la kulia limeanza kuzungumza, tena kwa lafudhi yako. Nikaenda kliniki mjini. Picha ikaonyesha gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limesagika. Nesi akaniambia kuna watafiti wanaoomba damu. Wanatafuta alama katika jeni, zile tunazorithishana, ili siku moja ugonjwa huu utambuliwe mapema, kabla picha haijaona hasara.

"Hatuahidi majibu, mama," akasema. "Na jeni si yote. Kuna umri, kuna kazi, kuna uzito." Uzito aliutaja akinitazama. "Kwenu kuna mwingine anayeumwa hivi?"

"Marehemu mama. Lakini yeye ilikuwa baridi ya Kitale."

"Na mama yake?"

Akilini nikamwona kukhu, mama yako, pale Kabuchai, akishuka kibarazani kinyumenyume kama anayeaga mfalme, mkono mmoja ukutani, mwingine gotini. Kukhu, ambaye hakuwahi kukanyaga Kitale hata siku ya harusi yako! Mama, kwani hilo hukuliona? Au uliliona ukanyamaza?

Nikanyoosha mkono, wakachukua damu. Nikarudi nyumbani nikikimbia, kadiri mguu mmoja unavyoruhusu. Baba alikuwa anaota jua.

"Baba, si wewe," nikamwambia. "Hata si Kitale. Huenda ni damu ya kwao, tangu kwa kukhu. Miaka yote ile ulimkanda kwa kosa lisilo lako."

Akanitazama kama alivyonitazama siku nilipounguza ugali wa wageni.

"Kwani wewe ulidhani nilimkanda kwa sababu ya kosa?"

Mtu unasoma kila gazeti linalofungiwa nyama, ukijiona mjanja, kumbe nyumbani kwenu hujasoma kitu.

Yale maneno ya kando ya miwa sijayasikia tena. Jioni ile alichemsha maji, akavuta kigoda, akagonga kiti chako. "Leta hilo goti."

Anakanda vibaya, Mama. Hapo ulikuwa na haki. "Juu kidogo," nikamwambia, na nikamwona akicheka peke yake.

Pumzika, na uisamehe Kitale.

Ni mimi binti yako Nekesa,
mwenye magoti yenu.