Uzito wa Nyuma

Mpendwa Wanjiru,

Huku Kianyaga hakuna makanika anayegusa springi kabla ya kuniuliza. Cucu, nyanya yako, ni mzima, na ng'ombe amezaa.

Unauliza nilijifunzia wapi kutuliza gari kwa barabara mbaya. Ni siku mama yako alishikwa na uchungu wa kukuzaa, tukimpeleka hospitali. Pikapu yetu ilifungwa springi ngumu za kubebea majani chai, kwa hivyo ikiwa tupu iliruka, naye alilia kila shimo. Cucu akaita akina mama majirani: "Pandeni nyuma, springi zilale." Nikapunguza upepo wa magurudumu. Gari ikatulia, ukazaliwa salama. Nawashukuru wale akina mama mpaka leo.

Lakini baba yako ndiye aliyeendesha. Cucu alinipandisha nyuma wa kwanza, akisema, "Leo huo mwili utafanya kazi."

Anko wako