Jokofu Tulilolitoa kwa Jina la Mama

Karakana ya Sare,
S.L.P. 417.
Jumanne, 12 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Juzi Jumapili tulipoteza sampuli 3,140 za damu, kazi ya miaka tisa, ndani ya lile jokofu tulilokipa chuo cha udaktari. Nimetanguliza msiba, salamu zifuate. Hujambo? Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila nimechoka.

Jana nilikwenda maabara. Kibao chenye jina la Mama kinang'aa mlangoni, na chini yake ndoo tatu za vichupa vilivyoyeyuka. Mfagizi ndiye aliyegundua, alipoona maji yanapita chini ya mlango. Daktari wa utafiti, yule mwembamba mwenye utani, safari hii hakutania. "Mama, umeme ulikatika Ijumaa jioni, na king'ora kikalia tangu hapo. Hakukuwa na mtu wa kukisikia."

Hakukuwa na mtu kwa sababu yetu. Wewe ndiye uliyetaka mkataba useme zawadi inunue vitu vinavyoonekana, isilipe mshahara wa mtu. Nami, mwenye washonaji kumi na wanne, ninayejua cherehani haijishonei, nikatia sahihi. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii imeoza.

Kichupa namba 17 kilikuwa cha Mama. Unakumbuka alivyomwambia muuguzi? "Chukua, mwanangu. Figo zimegoma, labda damu itasema." Wagonjwa wenzake wakamfuata. Sasa wataombwa waanze upya, wale walio hai.

Imebaki sehemu ya pili ya zawadi, ya kujenga pale chuoni ukumbi wako wa viti mia nne. Nimepiga hesabu mara tatu: pesa hizo zitalipa mafundi wawili wa maabara, pamoja na mafuta ya jenereta, miaka kumi na tisa. Kibao hakitakuwepo. Kubadilisha kunataka sahihi zetu zote mbili, na mkandarasi anaanza kuchimba msingi Jumamosi.

Shangazi anakusalimu, anauliza kama huko mlango wa kurudi umefungwa kwa nje. Nisalimie wifi yangu na watoto. Mungu awape afya isiyohitaji vipimo.

Barua hii naipiga picha nikutumie kwa simu, maana posta itachelewa. Usiniandikie pole, wala ile "tutaona, Dada" yako. Ukumbi unauacha au huuachi? Nataka jibu kabla ya Ijumaa, saa sita mchana.

Dada yako, akupendaye hata leo.